Kwa Miguu Katika Milima ya Nzwani

Watu wengi wa Afrika ya Mashariki wamelisikia jina la Nzwani katika habari za vurugu tu. Mwaka 1997 kisiwa hicho kilijitenga na wenzake wa Komoro, na mwezi Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwamo askari wa Tanzania na wa Sudan, yaliteremka huko pamoja na jeshi la Komoro ili kukirudisha katika muungano. Habari zikatangazwa siku chache, kisha zikanyamaza, na kisiwa kikasahauliwa. Ni hasara, kwani Nzwani ni jirani, na lugha yake ni ndugu wa Kiswahili. Ramani za Kifaransa hukiita Anjouan. Eneo lake ni kilomita za mraba 424 tu, na katikati yake umesimama mlima Ntringui wenye kimo cha mita 1,595. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu humo watu zaidi ya 320,000. Atakayegawanya hesabu hiyo ataona kuwa kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 700, na asisahau kuwa sehemu kubwa ya kilomita hizo haikulala chini bali imesimama kama ukuta.

Kisiwa cha namna hiyo hujulikana kwa miguu. Magari yana barabara zao, lakini mashamba na vijiji vya juu huunganishwa na njia nyembamba zilizokanyagwa na vizazi vingi. Njia hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wageni. Ni njia za shambani, za mtoni, za msikitini na za harusini, na kila moja hugawanyika mara nyingi kabla ya kufika inakokwenda. Vibao hakuna. Kwa hiyo mgeni hana budi kutafuta kiongozi, na atakosea sana akidhani kuwa kazi ya kiongozi huyo ni kuonyesha njia tu. Njia hata mtoto aweza kuionyesha. Kiongozi ni mtu anayepiga hodi kwa niaba ya mgeni. Kila njia hupita katika shamba la mtu, na nyingi hupita uani kwa mtu, pale mwanamke anapotwanga au anapoogesha mtoto. Asiyetanguliwa na mwenyeji huonekana mwizi au mpima ardhi, na hao wawili katika milima ya Nzwani hawatofautishwi sana.

Mpima ardhi ana historia yake. Katikati ya karne ya 19 Mwingereza William Sunley alifungua shamba kubwa la miwa huko Pomoni, pwani ya magharibi. Baada yake wakaja Wafaransa, na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Bambao ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya kisiwa kwa ajili ya mimea ya manukato. Wakulima waliosukumwa kutoka mabondeni walikwenda walikobakiziwa, yaani juu. Ndiyo sababu mtu hupanda muhogo mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa tahadhari.

Mwezi mmoja wa Julai, wakati wa kusi, njia zikiwa kavu, mwalimu wa jiografia kutoka Tanga alifika Nzwani ili akivuke kisiwa kwa miguu kutoka mashariki hadi magharibi. Alikuwa mama wa miaka 56, amebakiza miaka michache astaafu, na kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa amewafundisha watoto kuwa msitu wa mlimani huipokea mvua na kuiweka akiba. Yeye mwenyewe hakuwa amepata kupanda mlima isipokuwa ile ya Usambara, na hiyo aliipanda kwa basi. Mama wa rika lake aghalabu husafiri kwa sababu ya harusi au mazishi. Wanawe walipoambiwa habari ya safari, waliuliza kwanza ni nani aliyefariki. Kiongozi wake alikuwa kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Lingoni, upande wa pili wa mlima. Alivaa sandali za plastiki, akabeba panga, kamba na mkate, na Kiswahili chake alikipata kwa mjomba aliyeishi Unguja.

Walianzia Tsembehou, mji uliokaa katika bakuli la milima nyuma ya Bambao, kabla hakujapambazuka. Hewa yote ilinukia mlangilangi. Watu wa Unguja na Pemba wanaujua mti huo, ila Nzwani hauachwi urefuke upendavyo. Hukatwa kilele na kupindwa matawi, hata ukawa mfupi wenye vifundo kama kikongwe, ili mchumaji ayafikie maua akiwa amesimama chini. Maua huchumwa asubuhi mapema kabla jua halijayapunguzia harufu. Wachumaji wengi walikuwa wanawake. Walijifunga shiromani, nguo ya Nzwani ijulikanayo kwa rangi zake nyekundu na nyeupe, na baadhi yao walijipaka usoni msindzano, ambao Waswahili wangeuita liwa.

Mbele kidogo palikuwa na mahali pa kukenekea mafuta. Mtambo ni pipa kubwa la chuma juu ya moto, na bomba linalopitishwa katika maji baridi. Kilo 100 za maua hutoa mafuta yapatayo kilo 2, na moto hauna budi kuwaka saa nyingi, mchana ukaunganishwa na usiku, kabla maua hayajatoa tone lao la mwisho. Mafuta hayo huenda Ulaya kutiwa katika manukato ya bei kubwa, na Komoro ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuyatoa. Anayejipaka manukato hayo huko hajui kuwa amejipaka na moshi pia. Kuni zilirundikwa nje hata zikapita urefu wa mlango. Mwalimu aliuliza zinatoka wapi, na kijana akaonyesha juu kwa kidevu.

Njia ikaanza kupanda, na kila hatua chache ikawa na salamu. Kijana alipomwona bibi akiteremka na mzigo wa majani, alisimama kando, akainamisha kichwa na kusema, "Kwezi, koko." Bibi akajibu, "Mbona," bila kusimama. Mwalimu naye alijaribu, akasema "Kwezi" kwa bibi wa pili, na alipojibiwa "Mbona" alidhani anaulizwa sababu, kama mtu wa Tanga aulizavyo, akaanza kueleza kilichomleta Nzwani. Bibi alicheka hata akatua mzigo. Mbele yake mwalimu alimpa mtoto peremende, mtoto akasema "Marahaba," na mwalimu akageuka nyuma kutazama ni nani aliyeamkiwa. Kumbe kwa Wakomoro hiyo ndiyo asante. Yeye mwenyewe kijana alimwita "fundi", jina ambalo huko hupewa mwalimu, hasa wa dini. Alilipokea kwa furaha, ijapokuwa kwao fundi ni mtu wa cherehani au wa baiskeli.

Juu ya Tsembehou, njia inapopinda ukingoni, kijana alisimama bila kuambiwa. Nyuma yao, upande wa kusini-mashariki, mbali juu ya bahari, palikuwa na mstari wa rangi ya moshi. Ilikuwa Mayotte, ambayo Wakomoro huiita Maore. Kutoka Nzwani ni kilomita kama 70 tu. Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Mayotte ilibaki mikononi mwa Ufaransa, na tangu mwaka 2011 ni mkoa kamili wa nchi hiyo. Tangu 1995 mtu wa Nzwani haruhusiwi kwenda huko bila viza, ijapokuwa ana shangazi huko, au mke, au kaburi la baba yake. Wasio na viza huvuka usiku kwa kwasakwasa, yaani mashua ndogo za uvuvi zenye mashine, na waliozama tangu mwaka huo hukadiriwa kwa maelfu. Huko kuna hospitali, shule na mishahara ya Kifaransa. Ni vigumu kumlaumu anayeutazama mstari ule kila asubuhi akienda kulima.

"Wewe je, hujapata kufikiri kwenda?" mwalimu aliuliza.

"Kaka yangu amekwenda mara mbili, fundi. Mara zote mbili wamemrudisha."

Akaokota panga lake, wakaendelea.

Baada ya Dindi mashamba yalipanda pamoja nao. Mgeni hutazamia kuwa mashamba yataisha na msitu utaanza, na kuwa kati yake patakuwa na mpaka. Haikuwa hivyo. Miti mikubwa ilisimama mmoja mmoja katikati ya migomba, kama wazee waliobaki uwanjani baada ya watu kutawanyika. Chini yake vichaka vilikuwa vimefyekwa na kupandwa magimbi. Mkulima huuacha mti mkubwa kwa sababu ya kivuli, au kwa sababu hana nguvu ya kuuangusha mwaka huo, na kwa kuwa miche yote chini yake imefyekwa, siku mti utakapokufa hautakuwa na mrithi. Msitu wa namna hiyo, ukitazamwa kutoka baharini, huonekana ungalipo. Humo huishi bundi mdogo ambaye kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu walidhani ametoweka duniani, mpaka alipopatikana tena mwaka 1992. Kijana alisema babu yake angestaajabu sana kusikia kuwa bundi huyo alipotea, maana yeye alikuwa akimlalamikia kila usiku.

Ziwa Dzialandzé liko karibu mita 900 juu ya bahari, chini ya kilele cha Ntringui. Dzia ni ziwa, na mwalimu, ambaye sasa sikio lake lilikwisha kufunguka, akaona yamkini jina lote ni "ziwa la nje". Kijana alikubali kwa adabu ya mtu ambaye hajapata kulifikiria jambo hilo. Ni ziwa dogo, tulivu, lenye rangi ya chai. Mwaka 2006 eneo la Ntringui liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Heshima hiyo inastahili, lakini orodha haishiki mkono wa mwenye shoka.

Hapo walipumzika, na hapo ndipo mwalimu alipoliona kwa macho jambo ambalo kwa miaka 30 alikuwa akilichora ubaoni. Wingu lilipanda kutoka baharini, likaingia katika kundi la miti iliyobaki ukingoni. Hapakunyesha hata tone. Hata hivyo majani, na kuvu, na nyuzi za ndevu za miti vikaanza kudondosha maji, kwanza polepole, kisha kwa mfululizo, mpaka shina likawa linang'aa na mizizi ikalowa. Hatua 50 kando palikuwa na shamba la muhogo lililofyekwa karibuni. Wingu lile lile lilipita juu ya muhogo bila kuacha kitu, na mwalimu alipotia kidole katika udongo ulikuwa mkavu. Alirudi chini ya miti, akakinga kikombe chake cha bati, akangoja. Kijana alidhani ana kiu, akampa chupa. Yeye akakataa, akaendelea kukinga.

Wakati wa kula mkate mazungumzo yalifika kwa David Livingstone, kwa kuwa popo mkubwa wa misitu hiyo huitwa kwa jina lake. Ni kweli kuwa watu wa Nzwani waliwahi kufuatana naye. Mwaka 1866 aliajiri watu 10 wa kisiwa hicho, na mkubwa wao Musa, kwa safari yake ya mwisho ya bara. Walipofika upande wa Ziwa Nyasa wakamwacha, wakarudi pwani na kutangaza kuwa ameuawa, na uongo wao uliaminiwa na wengi mpaka Unguja kabla haujabainika. Vitabu vya Wazungu vimewalaani sana. Havikujali sana kuuliza watu wa kisiwani walikuwa na haja gani na bara lile, wala waliogopa nini mbele yao. Kijana aliijua habari hiyo nusu nusu, akacheka. "Siku hizi hatumwachi mgeni njiani, fundi. Mgeni ni bati." Mwalimu hakuelewa maana ya neno hilo mpaka usiku.

Mteremko wa magharibi ni mkali kuliko wa mashariki. Walishuka kwa kushika mizizi, na mahali pawili kijana alitumia kamba. Walipoyafikia mashamba ya Lingoni mwalimu alifurahishwa na jambo moja ambalo lingefaa kuigwa mahali pengi. Mashamba kadhaa yalizungushiwa ua wa miti hai iliyopandwa kwa vijiti, na ndani yake ng'ombe alifungwa kwenye kigingi. Ng'ombe huyo halishwi mlimani. Huletewa majani yaliyokatwa katika ua ule ule, na kigingi chake huhamishwa kila mara, hata shamba lote likapata samadi kipande kwa kipande. Ua hushika udongo usiteremke na hutoa kuni ndogo za jikoni bila kuua mti. Njia hiyo ilienezwa hasa katika rasi ya Nyumakele, kusini mwa kisiwa, katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ni kazi ngumu, maana kukata majani kila siku ni kazi, na katika nyumba nyingi mkataji ni mwanamke. Lakini shamba lenye ua na shamba lisilo na ua, yakiwa jirani katika mteremko mmoja, hutofautiana rangi kama watu wa mataifa mawili.

Mama wa kijana aliwapokea uani. Nyumba ni ya mama. Katika Komoro nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye ahamiaye. Kwa hiyo mzazi mwenye binti hana usingizi mpaka awe amemjengea. Kando ya nyumba hiyo palisimama nyumba nyingine ya matofali ya saruji, kuta zimefika juu, vyuma vimechomoza kama vidole, na paa hakuna. Ilikuwa ya binti, mwenye miaka 22, na mchumba alikuwa akingoja paa. Fedha za paa zilitazamiwa kutoka Mayotte.

Chakula kilikuwa shelisheli la kuchoma, mataba, ambacho ni kisamvu kilichopikwa kwa nazi, na putu ya pilipili iliyomtoa mwalimu machozi. Baada ya kula binti alikusanya maji ya kuoshea vyombo katika karai moja, akayapeleka kumwaga penye shina la mgomba. Maji ya kunawia mikono yalikwenda kwa mbuzi. Hakuna kilichomwagwa hovyo. Mwalimu alidhani ni desturi ya usafi, lakini mama akaeleza. Chemchemi yao iko juu ya kijiji, katika shamba alilorithi. Nyumba hutumia ndoo 9 kwa siku. Katika Nzwani mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hutiririka wakati wa mvua tu, na chemchemi yake yeye bado inatoa hata mwezi wa Oktoba. Juu yake imesimama miti miwili mikubwa.

Hapo kaka, ambaye mpaka sasa alikuwa amekaa kimya mlangoni, alisema kwa Kiswahili cha kuchanganya ili mgeni naye asikie. Mwenye mtambo wa mlangilangi ameitaka miti hiyo miwili kwa kuni. Fedha yake ingetosha kumvusha mara ya tatu. Akifika salama, akapata kibarua, paa lingekwisha katika mwaka mmoja, na dada angeolewa. Hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa mwashi, na kuta zile alizijenga yeye mwenyewe.

"Na usipofika?" mama aliuliza.

"Mama, mara mbili nimefika."

"Mara mbili umerudishwa. Miti haitarudishwa."

Mdogo mtu, yaani kiongozi, hakusema kitu. Ikadhihirika sasa kwamba tangu mwaka uliopita fedha yote aliyolipwa na wageni hununulia mabati, mawili mawili, na kuyaweka uvunguni mwa kitanda cha mama yake. Mabati yaliyotakiwa yalikuwa 24. Yaliyokuwapo yalikuwa 7. Wageni huja wakati wa kusi, wawili mwezi huu, watatu mwezi ule. Mvua zikianza mwezi wa Novemba njia huteleza na hakuna ajaye mpaka Mei. Hesabu hiyo kila mtu katika chumba aliijua, na kaka ndiye aliyeitaja kwa sauti: kwa mwendo huo dada angeolewa akiwa na mvi.

Mama akamgeukia mwalimu. "Fundi, huko kwenu mna maji ya bomba?"

"Yapo, mama. Siku nyingine hayatoki."

"Siku yasipotoka?"

"Hununuliwa kwa dumu."

Mama akataka kujua bei ya dumu moja. Aliihesabu kwa fedha ya Komoro, akaizidisha kwa madumu ya siku, akaizidisha kwa mwezi, kwa kugusa vidole na midomo ikicheza, kisha akamtazama mwanawe mkubwa bila kusema kitu. Kaka naye aliifuata hesabu ile mpaka mwisho. Halafu akainuka akaenda nje. Mwalimu alikuwa na somo zima la kutoa juu ya miti na maji, lakini akaona kuwa mwenye nyumba analijua kuliko yeye, na kuwa kijana aliyetoka naye analijua vile vile. Kilichokosekana chumbani humo hakikuwa elimu.

Asubuhi walipanda kuiona chemchemi. Ilikuwa ndogo, kiasi cha karai mbili, imezungushiwa mawe, na maji yake baridi sana. Juu yake miti ile miwili ilisimama na shina za kukumbatiwa na watu wanne, na katika matawi ya mmoja wao walining'inia popo wa Livingstone, weusi, wakubwa, wakijipepea kwa mbawa. Popo huyo hupatikana katika visiwa viwili tu duniani kote, Nzwani na Mwali, na waliobaki wanakadiriwa kuwa kama 1,300. Mbawa zake zikinyoshwa hufikia mita 1 na nusu hivi. Huruka hata mchana, na mmoja aliondoka tawini akazunguka bondeni bila kupiga bawa, kama mwewe. Shirika la Dahari, lililoanzishwa hapo Nzwani mwaka 2013, limekuwa likishughulika na wakulima juu ya kilimo na juu ya miti wanamolala popo hawa, na mama alikuwa amekwisha kusikia kuwa wenye mashamba ya namna hiyo huweza kuongea nao. Alikuwa bado hajakwenda. Alisema atakwenda baada ya kuchuma karafuu, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kusikia ahadi nyingi kutoka kwa watu wenye kalamu.

Kaka alikuwapo chemchemini kabla yao, akijaza madumu. Aliyabeba mawili mpaka nyumbani, kisha akarudi akauchukua mfuko wa mwalimu bila kuombwa, akatangulia.

Njia ya kwenda Pomoni hufuata mto. Kabla ya pwani ulikuwa mwembamba kiasi cha kuvukwa bila kuvua viatu, na kingo zake pana zilionyesha jinsi ulivyokuwa zamani. Ufukweni wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu. Walisema kuwa siku za mvua kubwa bahari ya pale huwa nyekundu kama maji ya matofali, na tope likishuka hulala juu ya matumbawe, na samaki huhama. Walilisema jambo hilo wakiitazama milima, kwa namna ambayo watu wa bondeni huzungumza habari za jirani wa juu.

Mwalimu alimlipa kiongozi, akaongeza kidogo, na kijana akahesabu. "Mabati matatu," alisema. Kaka alikuwa amesimama kando akiangalia mashua zilizopandishwa mchangani. Akamwuliza mwalimu kama huko Tanga mashua za uvuvi huchukua mabaharia wageni, na kama huko ujenzi ni mwingi. Mwalimu alimjibu kweli: mashua zina watoto wake zenyewe, ujenzi upo, lakini mwashi mgeni huanza kwa kuchanganya saruji, na pasipoti na kibali hutangulia. Kaka aliuliza bei ya kibali. Mwalimu hakuijua, akaandika anwani ya shule yake katika karatasi, akaahidi kuulizia. Kaka aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Ilikuwa karibu na magharibi, na kisiwa cha Mwali kilianza kuonekana upande wa machweo. Ndugu wawili walinunua samaki wa mama yao, wakawafunga kwa ukindu, na kwa kuwa mwezi ulikuwa bado haujatoka waliagana upesi na mwalimu, wakaanza kupanda.